Dativa Atafuta Chuo cha Udaktari

Mwaka 1996 mpunga ulikubali vizuri huko Michenga. Kama ilivyo kwa watu wengi wa Ifakara, familia ya Mzee Valeriani iliiacha nyumba yao ya Lipangalala na kuhamia shambani mpaka mavuno yaishe. Walilala kwenye kibanda cha nyasi. Asubuhi walikunywa uji, kisha Valeriani na mkewe Yosefina waliingia kukata mpunga. Binti yao Dativa alibaki uwanjani, akipura na kupepeta.

Dativa alikuwa amemaliza kidato cha sita katika shule moja ya bweni ya wasichana. Sasa alikuwa akisubiri matokeo. Mikono yake ilifanya kazi, lakini mdomo wake haukupumzika. Alikuwa mtu wa kuuliza.

"Mama, mbu wanatuuma sote. Mbona homa inampata mmoja na kumwacha mwingine?"

"Sijui, mwanangu."

"Na kwa nini mtoto akizidiwa na homa anapata degedege, lakini mtu mzima hapati?"

"Dativa, pepeta mpunga! Ukishakuwa daktari utanijibu wewe."

Walicheka. Udaktari haukuwa mzaha kwa Dativa. Alikuwa akiutaka tangu akiwa darasa la tano, na nyumbani wote walijua.

Siku moja mchana walimwona mtu anakuja na baiskeli kwenye kijia cha kati ya majaruba. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alikuwa Eustaki, kaka yake Yosefina. Yeye alifanya kazi kwenye shamba kubwa la miwa huko Kidatu, na ndiye aliyemsomesha Dativa tangu kidato cha kwanza.

"Shikamoo, Mjomba!" Dativa alimkimbilia.

"Marahaba. Kaa chini kwanza. Nimepita shuleni kwenu. Matokeo yametoka."

Dativa hakukaa. Alisimama palepale na ungo mkononi.

"Umefaulu," mjomba alisema. "Fizikia, kemia, baiolojia, yote umefaulu. Na baiolojia umepata alama ya juu kabisa."

Yosefina alipiga vigelegele. Majirani waliokuwa wakivuna upande wa pili waliinua vichwa. Valeriani alimshika binti yake mkono, akautikisa kwa muda mrefu.

Eustaki alisubiri kelele zitulie. Kisha akatoa gazeti mfukoni.

"Na chuo nimeshakupatia," alisema. "Tazama."

Katika gazeti kulikuwa na picha ya jengo la ghorofa lenye nguzo nyeupe. Chini yake paliandikwa: Chuo cha Tiba Mwangaza. Kilikuwa nje kidogo ya mji wa Morogoro.

"Ni chuo kipya, cha watu binafsi," Eustaki alieleza. "Kule serikalini mnagombania nafasi watu wa nchi nzima. Hapa nimeongea nao, nafasi ipo. Na masomo ni miaka mitatu tu. Miaka mitatu, Dativa ni daktari! Wanataka jibu mapema."

"Ada tutaitoa wapi?" Valeriani aliuliza.

Eustaki alitazama mpunga uliokuwa bado umesimama. "Shemeji, shamba hili ni kubwa. Ukiuza upande ule wa mtoni, na mimi nikiongeza, tutaweza."

Valeriani aliokota mundu wake, akarudi kukata. Upande ule wa mtoni ndio uliokuwa na udongo mzuri kuliko wote.

Jioni ile Dativa aliitazama picha ya chuo mpaka akaikariri. Kulikuwa na swali moja lililomsumbua. Daktari anafundishwaje? Shuleni walipasua vyura. Lakini huwezi kuruka kutoka kwa chura mpaka kwa binadamu. Katikati pana nini?

"Usiniulize mimi," mama yake alisema. "Mimi najua kulima. Nenda hospitali, kamwulize anayeifanya kazi hiyo."

*

Asubuhi Dativa alikwenda mjini, akafika hospitali. Wodi ya wanaume ilikuwa chini ya daktari mmoja mwanamke, Dk. Aikande. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, lakini alikuwa amekaa Ifakara miaka mingi, na Kindamba, lugha ya wenyeji, alikijua cha kusalimia. Dativa alikaa kwenye benchi la nje. Alisubiri mpaka daktari akamaliza kuzungukia wagonjwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana. Nataka kusoma udaktari. Nimekuja kuuliza daktari anafundishwaje."

Dk. Aikande alimtazama vizuri. "Watu huja kuniuliza daktari analipwaje. Wewe ni wa kwanza kuuliza anafundishwaje. Njoo."

Walienda kwenye kitanda kimoja. Alikuwa amelala mvuvi wa makamo, jina lake Kelestini. Homa za mara kwa mara zilikuwa zimemkondesha, lakini macho yake yalikuwa machangamfu.

"Bwana Kelestini," daktari alisema, "binti huyu anataka kuwa daktari. Unamruhusu akushike tumbo?"

"Ashike tu," Kelestini alijibu. "Mradi mikono asiwe ameitoa kwenye maji ya baridi."

Daktari alimwambia Dativa, "Shuleni mlisoma habari za bandama?"

"Ndiyo. Iko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nilichora mchoro wake."

"Weka mkono wako hapa. Taratibu. Sasa, Bwana Kelestini, vuta pumzi ndefu."

Kelestini alivuta pumzi. Dativa alihisi kitu kigumu kikishuka na kumgusa vidole. Kilikuwa na ukingo, kama ukingo wa bakuli la mbao. Alishtuka.

"Ni hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Imevimba kwa sababu ya malaria ya muda mrefu. Ya mtu mwenye afya huwezi kuigusa hivyo. Je, mchoro wako ulikuambia inavyokuwa mkononi?"

"Hapana."

"Basi ndivyo daktari anavyofundishwa," Dk. Aikande alisema. "Vitabu kwanza. Karibu miaka miwili unasoma jinsi mwili ulivyojengwa na unavyofanya kazi. Baada ya hapo unaingia wodini. Mwalimu yupo pembeni, mgonjwa yupo mbele yako. Unashika, unasikiliza, unauliza, unakosea, unarekebishwa. Kwa hapa kwetu ni miaka mitano. Ukimaliza, unafanya kazi mwaka mmoja chini ya macho ya madaktari wakubwa. Ndipo unasajiliwa."

"Miaka mitano?" Dativa aliuliza. "Mjomba wangu amepata chuo cha miaka mitatu."

Daktari alimgeukia. "Kinaitwaje?"

Dativa alimtajia.

"Sikijui," Dk. Aikande alisema. "Kwa hiyo siwezi kukisema kwa ubaya wala kwa uzuri. Kuwa kipya si kosa. Kuwa cha binafsi si kosa pia. Kila chuo kilianza siku moja. Lakini kabla hujaingia, kaulize. La kwanza, kama serikali inakitambua. Maana kuna baraza linalosajili madaktari. Chuo kisipotambuliwa, hata ukisoma mpaka nywele ziwe nyeupe, hutaruhusiwa kumtibu mtu."

"Na la pili?"

"La pili ni wagonjwa. Wanafunzi wanajifunzia hospitali gani? Iko karibu? Ina wodi za watoto, za akina mama, za upasuaji? Halafu walimu. Wanaishi pale, au wanakuja siku moja na kuondoka? Na kama kuna waliokwisha kumaliza, wako wapi leo? Watafute, zungumza nao."

Kelestini aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Hata mtumbwi ukinunua, unaingia nao majini kwanza," alisema. "Hununui kwa kuangalia rangi."

Wote walicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Na wewe, Daktari, ulisoma wapi?" Dativa aliuliza.

"Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini usichague kwa sababu mimi nilisoma huko. Chagua baada ya kuuliza. Na usiombe sehemu moja tu. Hapa hapa Ifakara kuna chuo cha matabibu, wale wanaotibu baada ya mafunzo mafupi kuliko ya udaktari. Tabibu ni mtu wa maana sana katika nchi hii, na wapo walioanzia utabibu wakaendelea mpaka udaktari. Omba na huko pia, usije ukakaa mwaka mzima bure."

*

Valeriani hakuweza kuacha mpunga. Kwa hiyo Dativa na mama yake ndio waliopanda basi la Morogoro kwenda kukitazama chuo.

Chuo cha Tiba Mwangaza kilikuwa kizuri kweli. Geti lilipakwa rangi ya bluu. Njia ya kuingilia ilipandwa maua pande zote mbili. Msajili wa chuo, Bwana Theodori, aliwapokea kwa heshima, akawapa viti na soda.

Aliwatembeza. Waliona madarasa yenye madawati mapya. Waliona hadubini zikiwa bado ndani ya maboksi. Kisha aliwafungulia chumba kimoja, na Dativa akasimama mlangoni. Katikati ya chumba palikuwa na kiunzi cha mifupa ya mtu, cha plastiki, kimesimama kwenye chuma.

"Naweza kukigusa?"

"Gusa tu."

Dativa aligusa mfupa wa bega, akashuka mpaka kwenye kiwiko, akaukunja mkono wa kiunzi na kuukunjua. Alitaja mifupa kwa sauti ndogo. Uso wake uling'aa. Mama yake alimwona, akajua kwamba moyo wa binti yake umeshaingia chuo hiki.

Walirudi ofisini. Bwana Theodori akaweka fomu mezani. Dativa alishika kalamu.

"Samahani, baba," Yosefina alisema. "Nina swali. Wagonjwa wako wapi?"

"Wagonjwa?"

"Ndiyo. Tumeona madarasa. Tumeona mifupa. Wagonjwa wa kufundishia hawa watoto sijawaona."

Bwana Theodori alifungua dirisha. Nje palikuwa na kichaka, na ndani ya kichaka vijiti vichache vyenye vitambaa vyekundu. "Hospitali yetu itajengwa pale, mama. Wapimaji wameshapita."

"Itaanza lini?"

"Fedha zikipatikana."

"Na kabla haijajengwa?"

"Tunazungumza na hospitali moja ya mjini, itupokelee wanafunzi."

"Wamekubali?" Dativa aliuliza. Alikuwa ameshusha kalamu.

"Bado."

"Na baraza linalosajili madaktari, linakitambua chuo hiki?"

Bwana Theodori alikaa. Alinyoosha fomu juu ya meza, ingawa ilikuwa imenyooka. "Tumeomba," alisema. "Hatujajibiwa."

"Mwanafunzi akimaliza kabla hamjajibiwa, itakuwaje?"

Msajili alitazama mlangoni. Kisha akashusha sauti. "Atakuwa na cheti chetu. Lakini hataruhusiwa kufanya kazi ya udaktari."

"Mbona hamkuliandika hilo gazetini?" Yosefina aliuliza.

"Mama, gazeti sikuandika mimi. Wazazi wanaokuja hapa huniuliza habari za bweni na chakula. Hakuna aliyeniuliza haya. Nyinyi mmeniuliza, nami siwezi kuwadanganya."

Dativa aliirudisha fomu taratibu. Waliaga. Njiani kuelekea getini hakuyatazama maua.

Ndani ya basi alitazama dirishani. Milima ya Udzungwa ilipoanza kuonekana ndipo alipozungumza.

"Nilikitaka kile chuo, Mama."

"Najua. Hata mimi nilikipenda. Kisafi."

"Usingeuliza, ningejaza."

"Ungejaza, na mimi ningepiga vigelegele," Yosefina alisema. "Lakini tangu utoto wako, nimekulaza hospitali mara ngapi? Kila mara naona wanafunzi wamemzunguka mganga mkuu, wanatazama mtoto anavyopumua. Nikajiuliza, hawa wa huku watamtazama nani? Mti?"

Dativa alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo.

Mbele yao kulikuwa na kazi ngumu zaidi. Walipaswa kushuka Kidatu na kumwambia Eustaki.

*

Eustaki aliishi katika nyumba za wafanyakazi, karibu na miwa. Mkewe, Merina, aliwaletea chai na mihogo. Eustaki alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasukuma kikombe.

"Kwa hiyo mimi nilitaka kumpoteza mtoto?"

"Hakuna aliyesema hivyo, kaka," Yosefina alijibu.

"Nimemsomesha miaka sita! Nimetafuta chuo, nimepanda basi, nimeongea na watu. Leo mnakwenda nyuma yangu kunichunguza?"

Yosefina aliinamisha kichwa. Baba yao alipofariki, kaka huyu ndiye aliyemlea yeye. Hakuwahi kumpinga hata mara moja.

"Kaka," alisema polepole, "sikukuchunguza wewe. Nimekwenda kukichunguza chuo. Ungekuwa nami pale, ungeuliza swali lilelile."

Dativa alipiga goti mbele ya kiti cha mjomba. "Mjomba, shule uliyonipeleka ndiyo iliyonifundisha kuuliza. Walimu walituambia, usikubali kitu mpaka ukione. Nimekwenda, nimeona. Hakuna hospitali. Hakitambuliwi. Msajili mwenyewe ametuambia."

Eustaki alitazama nje. Trekta lilipita likikokota tela la miwa, na nyumba ikatetemeka kidogo.

"Nimeshawaambia watu wote kazini," alisema kwa sauti ya chini. "Hata meneja anajua. Kila asubuhi wananiita mjomba wa daktari."

Merina aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Baba Donati, watu wa kazini wakipata maneno mengine watayasahau haya. Mtoto ndiye atakayeishi nayo."

 Mwishowe Eustaki alivuta kikombe chake, akanywa chai iliyokwisha poa.

"Haya," alisema. "Huyo daktari wa Ifakara amesema tuulize nini?"

Dativa alimweleza yote. Eustaki aliuliza tena na tena, kama mtu anayetaka kukariri. Kwa nini miaka mitano? Je, mwaka wa mwisho analipwa? Matabibu wanasoma muda gani? Giza lilianza kuingia, na bado alikuwa akiuliza. Wiki iliyofuata alichukua likizo. Alikwenda Dar es Salaam mwenyewe, akaulizia Muhimbili, akapeleka maombi ya Dativa kwa mkono wake. Maombi mengine Dativa aliyapeleka kwa miguu kwenye chuo cha matabibu pale Ifakara.

Kusubiri kulikuwa kuchungu. Mpunga uliingia ghalani, familia ikarudi Lipangalala. Dativa aliamka kila siku akijiambia kwamba hata utabibu ni kazi nzuri, na alisema kweli. Lakini kila basi la posta lilipoingia, moyo wake ulidunda.

Jibu la chuo cha matabibu lilikuja kwanza. Alikubaliwa. Siku chache baadaye likaja la Muhimbili. Nako alikubaliwa. Kwa kuwa serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama, Valeriani hakuuza hata jaruba moja. Aliuza magunia ya mpunga tu, kama kila mwaka. Dativa alipopanda treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam, mjomba wake ndiye aliyembebea sanduku.

Chuo cha Tiba Mwangaza hakikupata kibali. Kilifungwa baada ya miaka miwili. Wanafunzi wake walirudi nyumbani, na wengi walilazimika kuanza upya mahali pengine.

*

Mwaka 1999 Dativa alikuwa amemaliza mwaka wa tatu. Alirudi Ifakara likizo, na Dk. Aikande akamruhusu kufuatana naye katika wodi ya watoto, alikokuwa amehamishiwa.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja kijana kutoka Kibaoni. Alibeba mtoto mchanga aliyekuwa akihema kwa haraka.

"Niambie unaona nini," Dk. Aikande alimwambia Dativa.

Dativa alimvua mtoto nguo ya juu. Alimtazama kwanza bila kumgusa. Alihesabu pumzi kwa saa ya mkononi. Aliona kifua kikibonyea chini ya mbavu kila mtoto alipovuta hewa.

"Anapumua haraka mno, na kifua kinabonyea. Nafikiri ni nimonia. Lakini ana homa kali, inawezekana kuna malaria pia. Sina hakika, Daktari. Apimwe damu."

"Umesemaje mwisho?"

Dativa aliona haya. "Nimesema sina hakika."

"Sawasawa," Dk. Aikande alisema. "Anayejua pale ujuzi wake unapoishia, huyo hatamwua mtu. Muuguzi, tuchukue damu. Na dawa ya nimonia tuanze sasa hivi, tusingoje."

Damu ilipopimwa, malaria nayo ilionekana. Mtoto alitibiwa yote mawili. Usiku wa kwanza mama yake hakulala. Siku ya tatu Dativa alipoingia wodini alimkuta mtoto ananyonya kwa nguvu, huku amekunja ngumi.

"Wewe ndiye daktari uliyemwona mwanangu?" mama yule aliuliza.

"Daktari ni yule pale, dada. Mimi bado ninajifunza."

"Unajifunza?" Mama alikiangalia kifaa cha kusikilizia kilichoning'inia shingoni mwa Dativa. Akamtoa mtoto kwenye ziwa. Akampandisha begani, mgongo ukawa upande wa Dativa.

"Basi sikiliza," alisema. "Jifunze kwa huyu. Sikiliza vizuri, halafu uniambie na mimi."